Mtumbwi Nilioushua Peke Yangu

Kinanira, Bujumbura
Jumapili, baada ya swala ya alasiri

Kwa kaka yangu Athumani, Kibirizi, Kigoma.

Assalamu alaikum, kaka. Najua mwandiko huu umeutambua kabla hujaifungua bahasha, na najua umeigeuza mara mbili ukitaka kuitia jikoni. Isome kwanza, jiko halikimbii. Kifua kinaendeleaje? Dada Mwanaidi aliniambia ulikohoa mwezi mzima ukakataa kwenda zahanati, ukisema ni vumbi la mbao tu. Ni vumbi hilohilo lililomkohoza baba, kaka. Nenda ukapimwe. Mama magoti yake vipi, na shemeji Zena hajambo? Mimi mzima, alhamdulillah, ila ubavu mmoja unauma nikivuta pumzi, na sababu yake nitakueleza.

Miaka minne sasa hatusemeshani. Nikikupigia simu, ukiona namba ya Burundi unakata. Nikimpigia dada, nasikia sauti yako kwa nyuma ikiuliza chumvi iko wapi, basi nanyamaza nikusikilize mpaka dada anadhani simu imekatika. Ndiyo maana nimeandika, maana barua haina kitufe. Nataka kitu kimoja tu kwako, nacho ni unijibu. Lakini haitakuwa haki unijibu kabla hujajua nilichokufanyia Alhamisi iliyopita, na ni kibaya kuliko kile cha mwanzo. Usikasirike mapema, weka akiba.

Bado niko kwenye karakana ya Buyenzi, natengeneza vitanda na makabati. Kulala nalala huku Kinanira, mlimani, kwenye chumba cha uani cha Mama Nadège, mjane mmoja mwenye nyumba kubwa. Namlindia nyumba na kumrekebishia milango, naye ananiacha nikae. Chumba kina dirisha linaloangalia ziwa, na hilo dirisha ndilo adui yangu. Maji ni yaleyale mnayoogea ninyi, nayaona kila nikiamka, lakini kuyaona si kufika. Nilidhani upweke ni neno la waimba taarabu. Kumbe ni mtu kusonga ugali wa watu wanne kwa mazoea, kisha akabaki anautazama.

Mwaka jana mikono ikaanza kuniwasha. Nikawa nakusanya mabaki ya mbao pale karakana, yale marefu yasiyofaa kabati, nakuja nayo begani kidogo kidogo. Nikaanza mtumbwi kwenye ua wa Mama Nadège, chini ya ukuta. Mdogo tu, urefu pima mbili, wa kubeba watu watatu wembamba. Mataruma, zile mbavu za ndani, nilichonga kwa mkono, na mianya niliziba kwa pamba iliyolowa mawese kama alivyotufundisha baba. Siku nyingine nilijikuta nasema, "Kaka, shika huku," halafu nanyoosha mkono kushika mwenyewe. Jina sikuandika. Jina ndilo lililotuharibia.

Maana tulikubaliana, kaka, na hilo sitalificha hata leo. Tulikubaliana mtumbwi ule mkubwa tutauita Bi Mwajuma, jina la mama yetu. Misimu miwili tuliujenga pamoja, mimi na wewe. Nikaja asubuhi moja nikakuta umeandika Zena kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za duka. Nilikasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika. Sikuwa na haki ya nilichofanya baadaye, lakini hilo tutalifikia.

Sasa wiki mbili zilizopita Mama Nadège akaniita. Binti yake anaolewa. Akasimama mbele ya mtumbwi wangu, mikono kiunoni, akasema, "Papa Idi, vendredi batu banakuja kuweka tente apa. Sitaki kuona ubwato." Nikamwambia mama, mtumbwi ni mzito, na Ijumaa ni karibu mno, nipe muda. Akacheka, akaupigapiga kwa kiganja. "Mbao kavu namna hii! Itapika muchele muzuri sana." Alikuwa anatania, lakini wale wapishi aliowaalika hawana utani na kuni, nimewaona.

Gari halikupatikana. Petroli huku imekuwa kama mgeni wa heshima, inatangazwa siku tatu na haiji. Pikapu zote za Buyenzi zimelala kando ya barabara, watoto wamezigeuza viti. Kilichobaki kilikuwa watu. Watu sita wangeubeba mtumbwi ule begani na kuufikisha ziwani huku wakipiga soga.

Na hapo ndipo ukwetu uliponifunga. Unajua kwetu mwenye chombo haiti watu. Anayepita mlango kwa mlango kuwaita ni ndugu yake, na mwenye chombo anakaa kimya kama bwana harusi. Sasa mimi hapa ndugu yangu nani? Nikafanya vile ambavyo pale Kibirizi vingetosha kabisa. Nilifika karakana, nikakaa, nikasema kwa sauti, "Eeh, mtumbwi wangu umekwisha." Pale nyumbani mtu angeinuka hapohapo aulize siku gani. Shabani, mwenzangu wa meza ya jirani, mtu mwema tu, hakuinua hata kichwa kwenye randa. "Félicitations, Idi!" akanipongeza kwa Kifaransa chao, akaendelea kupiga randa. Kesho yake nikasema tena kwamba mtumbwi unaondoka Alhamisi. "Safari njema," akajibu. Nikaona haya kuongeza neno. Jumatano nilinunua sukari na majani ya chai ya kuwapikia watu nisiowaita, nikaketi mlangoni kungoja, na hakuja hata paka.

Basi Alhamisi alfajiri, baada ya swala, nikaanza peke yangu. Niliazima kwa fundi baiskeli ekseli moja yenye magurudumu mawili, ile ya mkokoteni. Niliinua mtumbwi upande wa mbele, nikaingiza tofali. Nikazunguka nyuma, nikainua, nikaingiza tofali. Mbele tena tofali la pili, nyuma tena la pili, natembea huku na huku kama mtu anayelaza watoto wawili wasiotaka kulala. Ulipofika juu ya goti nikasukuma ekseli katikati, nikafunga kamba, nikatoa matofali. Kazi ya dakika mbili kwa watu wanne ilinichukua mpaka jua likatoka.

Kuteremka Kinanira ndiko kulikonitia hofu. Nilijua nikitangulia mbele utanipitia juu. Kwa hiyo nikautanguliza wenyewe, nikajifunga kamba kiunoni, nikateremka nyuma yake nikiegemea kwa visigino kama mtu anayemzuia ng'ombe asiingie shambani. Watu walikuwa wanakwenda kazini. Mmoja akaniuliza, "Weye muzee, ni ubwato inakutembeza ao ni weye unaitembeza?" Mwingine akanifanya Nabii Nuhu, akaita kutoka ng'ambo, "Nowa! Mvua ni lini?" Wakacheka, nami nikacheka. Wallahi nilifurahi kutaniwa. Lakini kila mmoja alicheka akapita, na mimi sikufungua mdomo kusema nisaidieni. Gurudumu moja lilitoa upepo karibu na Kibenga, mtaa wa ufukweni, nikaenda nalo hivyohivyo likilia mpaka mchangani.

Saa tatu nilikuwa ufukweni. Ziwa limepanda miaka hii, kuna kuta za nyumba zimesimama ndani ya maji na matete yameota sebuleni. Nilipata mahali pa wazi, pana mteremko mzuri. Mbali kidogo palikuwa na watu wa dagaa, wanawake wanageuza samaki juu ya vichanja, wanaume wanashona nyavu. Niliwasalimu kwa mkono, wakanisalimu kwa mkono. Nikakaa juu ya mtumbwi. Nilikaa saa nzima, kaka, natazama maji, nikijidanganya napumzika. Nilikuwa nangoja mtu aje aniulize.

Nilipochoka kungoja nikaenda kuomba migomba iliyokwisha kuvunwa kwenye shamba la jirani, nikaikata vigogo vinne, nikavipanga mtelezoni maganda yakiwa mabichi. Unajua mgomba mbichi unavyoteleza, hata jiwe linatembea. Nikaupandisha mtumbwi juu yake, nikauzuia mbele kwa jiwe lililofungwa kamba usiondoke. Ulikuwa tayari. Mtu mwenye akili angefunga kamba nyuma, akaishika, akauachia taratibu. Mimi si mtu mwenye akili, mimi ni mtu wa Kibirizi. Kwetu mwenye chombo hasukumi wala hashiki kamba. Anasimama majini, mikono mitupu, anapokea. Nikajisemea, nimekosa watu, nimekosa mwitaji, angalau hili moja nilifanye kwa heshima yake. Nikaingia majini mpaka magotini, nikaugeukia mtumbwi wangu, nikanyoosha mikono, nikalivuta lile jiwe kwa kamba.

Ulikuja kama umetumwa. Nilisema, "Bismillahi," na kabla sijamaliza ulikuwa umenipiga ubavuni, umeniangusha, umenipita. Nilipoinuka, maji yananitoka puani, ulikuwa umeshaelea hatua ishirini mbele yangu, umenyooka, hauvuji hata tone, mzuri kweli. Na upepo wa mlimani ulikuwa bado unavuma kwenda ziwani. Nilijaribu kuogelea, ubavu ukakataa. Nikasimama maji yakinifika kifuani, natazama mwaka wangu mzima unakwenda Kongo bila mimi.

Hapo ndipo nilipopiga kelele. Sikuchagua maneno. "Jamani! Jamani njooni! Nisaidieni!" Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minne kumwita mtu katika mji huu.

Walikuja wote. Kaka, walikuja mbio! Wanawake waliacha samaki kwenye vichanja, mzee mmoja akaja na sindano ya nyavu mdomoni. Wanaume wawili walirukia mtumbwi wao, wakaufuata wangu, wakaurudisha wanaimba. Na Mama Furaha, mama mmoja mnene wa Uvira anayekausha dagaa pale, aliingia majini na kitenge chake akanishika mkono kunitoa. Alikuwa na hasira. "Tunakuangalia tangu saa tatu! Juu ya nini aukuita?" Nikamjibu sikutaka kuwasumbua. "Tulizani unangojea batu yako," akasema. "Mutu anakaa juu ya ubwato saa nzima, anatazama barabara, tukasema, ndugu zake banakuja."

Hapo nikakukumbuka wewe, kaka. Siku ile ya kuushua mtumbwi wako nilikuwa nyuma ya vichanja vya bibi Tatu, nimejificha kama mwizi, nikakuona unapita mlango kwa mlango mwenyewe. Ulikuwa umevaa kanzu ile nyeupe. Kwenye kila mlango ulisimama kwanza, ukajishika ndevu, ndipo ukabisha. Kwa mzee Ramadhani ulibisha, ukarudi nyuma, ukabisha tena. Watu walikuja kwa sababu wanakupenda, lakini kila mmoja alikuuliza Idi yuko wapi, na mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Ulijibu, "Anaumwa." Ulinisitiri. Nami wiki hiyohiyo nikapanda boti kuja huku, nikijiona nimekukomesha.

Mama Furaha akauliza tena, sasa kwa upole, "Auna ndugu, papa?"

Kaka, shika moyo. Nikisema ninaye, wangeuliza mbona hayupo. Nikamwambia, "Nilikuwa na kaka. Alikufa."

Lilinitoka kirahisi mno. Yule mama akaziba mdomo. Mzee wa nyavu akatoa kofia, akasema innalillahi. Wakaja mmoja mmoja kunishika mikono miwili, "Pole, papa. Pole sana. Mungu amupumuzishe." Mama Furaha machozi yalimtoka, akasema na yeye alimzika kaka yake huko kwao na anajua linavyouma. Na mimi nikalia. Si machozi ya uongo, kaka, nililia mpaka nikakaa chini. Wakanikokea moto, wakanipa chai na dagaa wa kuchoma, wakauvuta mtumbwi wangu na kuupanga katikati ya mitumbwi yao. "Sasa weye ni mutu wetu," wakasema. Miaka minne nimekaa mji huu bila mtu, na siku niliyowapata watu, niliwapata kwa msiba wako.

Nilipanda mlima kurudi nikiwa mwepesi, na kufika chumbani nikashindwa kula. Kila nilipokumbuka ile mikono nilijisikia nimeiba. Ijumaa niliswali Buyenzi, imamu alipowaombea marehemu sikuweza kuitikia. Niliogopa jina lako lisije likaingia.

Jana huku kwa Mama Nadège harusi ilikuwa imejaa, ngoma, tente mbili, magari yaliyopata petroli sijui wapi. Nikateremka Kibenga kwa miguu. Nikamkuta Mama Furaha anageuza dagaa. Nikamwambia bila kuzunguka, "Mama, ndugu yangu hajafa. Nilisema uongo. Tumegombana."

Alisimama na dagaa mkononi, akanitazama kutoka juu hadi chini. "Ati nini?"

"Yuko hai. Yuko Kigoma."

"Weye Idi! Mi nililia! Nililia machozi yangu ya kweli juu ya mutu muzima?" Akawageukia wenzake, akapaza sauti. "Mukuye musikilize! Yule marehemu anakula ugali Kigoma!" Kisha akanigeukia, akanyoosha kiganja mbele yangu. "Rudisha pole yangu. Yote. Na ya baba Mapendo alifuata ubwato yako, na ya yule muzee alitoa kofia. Rudisha!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikuweza kucheka, wala yeye hakuwa anacheka. Akarudi kwenye kichanja chake, akageuza samaki mstari mzima. Nikadhani nimefukuzwa. Halafu akauliza bila kunitazama, "Na yeye anajua kama alikufa?"

"Apana," nikasema. Nami siku hizi nasema hivyohivyo.

"Basi umwambie."

Ndiyo nimekuambia. Mtumbwi uko Kibenga, hauvuji, ubavu utapona. Kosa la jina lilikuwa lako, nalo nimelisamehe tangu zamani, nilichelewa tu kukuambia. Kosa la kukuacha upite milango peke yako ni langu, na hili la kukuzika mbele ya watu ni langu pia. Nisamehe, kaka yangu. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Nisalimie mama, mwambie namwombea magoti yake kila swala. Dada Mwanaidi mshukuru kwa kunivumilia kwenye simu. Shemeji Zena mpe salamu za heshima, na mwambie kwamba jina lake kwenye mtumbwi lilikuwa limeandikwa vizuri, sikuwahi kukanusha hilo. Binti yako Rehema, mwanangu, mwambie baba mdogo anamkumbuka. Mzee Ramadhani jirani, na bibi Tatu mwenye vichanja, wote nisalimie.

Barua hii anakuja nayo kijana wa boti ya mizigo, anarudi huku baada ya siku nne, naye nimemwambia asiondoke Kibirizi kabla hajapita kwako. Mpe chochote, hata kipande cha karatasi ya unga. Usipopata maneno mazuri, usiyatafute. Andika nitukane, nitukane mpaka wino uishe. Nitampelekea Mama Furaha nimsomee, maana maiti hatukani.

Ni mimi mdogo wako,
Idi